Amplifaya kongwe ya gita ikivuma, ikikata fyuzi au ikikaa kimya: pa kuanzia

Haya ni kwa mwenye amplifaya ya vali (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ya miaka ya 1960 au 1970: umeirithi kwa mjomba aliyepiga dansi, umeinunua kwa bendi iliyovunjika, au ndugu amekuletea kutoka Marekani. Mfano nitakaoushika ni Fender Deluxe Reverb ya kati ya 1963 na 1967, ile ya mchoro wa saketi uitwao AB763. Ina vali mbili za nguvu aina ya 6V6GT, vali sita ndogo, na rektifaya (inayogeuza umeme wa ukutani kuwa DC, umeme wa upande mmoja) ya vali aina ya GZ34. Ukiwa na Twin Reverb, Vox au Selmer, namba za vali zitabadilika, lakini njia ya kuufuata ubovu ni ileile.

Nina ombi moja kabla ya yote. Usibadilishe kifaa kwa kubahatisha. Mezani kwangu huja amplifaya ambazo ubovu wake wa kwanza ulikuwa vali moja tu iliyochoka, lakini zimeshapita mikono mitatu, na kila mkono umeng'oa kitu cha asili na kuweka chochote kilichopatikana dukani. Kuiponya amplifaya ya namna hiyo ni kazi kubwa kuliko ubovu wenyewe.

Usalama, kabla hujashika bisibisi

Ndani ya Deluxe Reverb mna umeme wa DC unaopita volti 400, na kapasita zinaweza kuendelea kuushika hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huu unaua. Kwa hiyo gawa kazi mara mbili. Vilivyo nje ya chasisi (sanduku la bati lenye saketi), yaani plagi, fyuzi, vali, nyaya za spika na springi za mwangwi, mwenye amplifaya anaweza kuvikagua mwenyewe. Chasisi ikitoka kwenye sanduku lake, hiyo ni kazi ya mtu aliyekwisha kupima umeme mkubwa na anayejua anachokigusa. Kama si wewe, ishia hapo, mpelekee fundi.

Ukiwa na uzoefu huo: chomoa plagi kabisa. Bana ncha moja ya rezista ya kilo-omu 100, wati 5, kwenye chasisi. Ncha ya pili, kwa waya uliovikwa vizuri, iguse upande chanya wa kapasita kuu kwa dakika nzima. Kisha pima kwa multimita inayohimili volti 1000, na usianze kazi mpaka isome chini ya volti 5. Usifyatue kapasita kwa bisibisi. Ukipima amplifaya iliyowashwa, mkono mmoja uwe mfukoni, miguuni uwe na viatu vya mpira, na nyumbani awepo mtu mwingine.

Na kamwe usiiwashe amplifaya ya vali bila spika. Transfoma inayolisha spika inaweza kuungua, na hiyo ni sehemu ghali.

Kifaa kimoja utakachojitengenezea kwa bei ndogo ni taa ya mfuatano: balbu ya wati 100 iliyoungwa kwenye waya wa laivu, ikitangulia soketi ya amplifaya. Iwe balbu ya uzi au ya halojeni. Ya LED haifai. Kukiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, na amplifaya inasalimika. Kukiwa salama, inamulika mara moja kisha inafifia.

Gita linakupiga shoti, hasa mdomo ukigusa maikrofoni

Nimeitanguliza dalili hii kwa sababu ndiyo inayoweza kukuzika. Amplifaya za Marekani za wakati ule zilikuja na plagi ya pini mbili, bila ethi (waya wa ardhini). Nyuma zina swichi iliyoandikwa GROUND, na nyuma ya swichi hiyo mna kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.047 inayounga waya mmoja wa umeme na chasisi. Ikivuja, chasisi yote inakuwa na umeme, nyuzi za gita nazo vilevile. Wewe unashika nyuzi, mdomo uko kwenye maikrofoni yenye ethi, na umeme unapita kifuani.

Dawa ni moja: fundi aweke waya wa pini tatu, ethi ifungwe kwa skrubu yake kwenye chasisi, na kapasita hiyo iondolewe. Hapa sikubaliani na wanaosema inaharibu uasili wa amplifaya. Usiendelee kuipiga ikiwa katika hali hiyo hata kwa usiku mmoja.

Kisha kagua transfoma ya kushusha umeme. Soketi zetu za ukutani zina ethi, lakini transfoma nyingi za kushusha zinazouzwa zina matundu mawili tu ya Kimarekani, kwa hiyo ethi inaishia hapo. Pima kwa multimita: kutoka kwenye chasisi ya amplifaya hadi pini ya ethi ya plagi inayoingia ukutani, isome omu moja au chini yake.

Haiwaki kabisa

Anza ukutani, uje ndani. Soketi ina umeme? Transfoma ya kushusha inatoa volti ngapi? Fyuzi nzima? Itoe uipime, usiitazame tu, maana fyuzi inaweza kukatikia ndani ya kofia yake ya bati. Baada ya hapo ni waya wa umeme karibu na plagi, halafu swichi. Kama vyote ni vizima, plagi ikiwa nje na swichi ikiwa imewashwa, pima omu kati ya pini za laivu na nyutro. Ukipata omu chache, koili ya transfoma ya umeme ipo. Usipopata kitu, imekatika, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kwetu, chanzo kikuu cha transfoma kufa kinajulikana. Amplifaya iliyotengenezwa kwa volti 117 imechomekwa moja kwa moja kwenye 240. Fyuzi sahihi mara nyingi huwahi kukatika na kuokoa kila kitu. Amplifaya moja iliyoletwa kwangu haikubahatika. Nilipofungua kishikio cha fyuzi nilikuta fyuzi imevingirishwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa kwa uangalifu mara tatu. Chini ya transfoma nta ilikuwa imechuruzika ikaganda kwenye ubao, na harufu ya vanishi iliyoungua haikutoka sandukuni hata baada ya miezi. Fyuzi iwe ya kiwango kilichoandikwa nyuma ya amplifaya, ya aina inayochelewa kukatika. Usipoipata, subiri mpaka uipate.

Jambo jingine: transfoma ya kushusha haibadilishi hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Amplifaya ya hezi 60 ikilishwa hezi 50 transfoma yake inapata joto zaidi, kwa hiyo ni heri ipate volti 110 kuliko 125. Na umeme ukikatika katikati ya onyesho, zima swichi. Unaporudi huja na kishindo.

Inakata fyuzi

Fyuzi ya kwanza ikikatika, weka nyingine sahihi mara moja tu. Ikikatika tena, usiweke ya tatu bila taa ya mfuatano. Kuanzia hapa unatenga sehemu moja baada ya nyingine, na kazi hii inawezekana bila kufungua chasisi.

Zima, subiri vali zipoe. Ukiitazama kwa nyuma, GZ34 ndiyo ya mwisho kushoto, itoe. Washa kupitia balbu. Balbu ikiwaka kwa nguvu, ubovu uko kwenye transfoma ya umeme au nyaya zake, na hapo unaishia wewe.

Ikififia, zima, toa vali mbili za nguvu, rudisha GZ34, washa tena kwa sekunde chache. Balbu ikiwaka sasa, sababu ya kwanza ni GZ34 yenyewe. Jaribu nyingine unayojua ni nzima. Ikiendelea, ni kapasita za kuchuja umeme. Usiiache katika hali hii, kwa sababu vali za nguvu zikiwa nje hakuna kinachotumia umeme na volti inapanda.

Ikiwa bado inafifia, rudisha vali za nguvu, moja kwa wakati. Ile inayoifanya balbu iwake ndiyo yenye shoti. Zote mbili zikifanya hivyo, kosa si la vali, ni la bayasi, nami nitalieleza hapa chini.

Usiku wa jenereta uuhesabu pia. Jenereta ndogo ikipanda na kushuka inakata fyuzi za amplifaya ambayo nyumbani haina tatizo lolote.

Vali ya nguvu inakuwa nyekundu

Si ule mwanga wa rangi ya chungwa wa katikati, ambao ni wa kawaida. Nasemea bati la kijivu ndani ya kioo likianza kupata doa jekundu kama kaa la jiko. Zima papo hapo. Una sekunde, si dakika.

Vali hizi huzuiwa na volti hasi, iitwayo bayasi, kwenye pini namba 5, kwenye Deluxe Reverb takriban volti 35 chini ya sifuri. Ikikosekana, vali inajiachia na kujichoma. Ikiwa nyekundu ni vali moja tu, zibadilishane nafasi. Wekundu ukiifuata vali, vali ni mbovu. Ukibaki kwenye soketi, ni soketi yenye kutu, rezista iliyokatika inayoleta bayasi, au kapasita ya kuunganisha inayovujisha DC. Zikiwa nyekundu zote mbili, mshukiwa ni kapasita ndogo ya ilektroliti kwenye saketi ya bayasi, na baada yake dayodi yake. Kwa asiye fundi kazi inaishia kwenye kubadilishana vali.

Inavuma

Mvumo ndio malalamiko makubwa kuliko yote, na ndio unaowafanya watu wanunue vifaa wasivyovihitaji. Sikiliza kwanza ni mvumo gani.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Mvumo wa hezi 50 ni mzito na laini. Ule wa hezi 100, unaotokana na DC isiyochujwa vizuri, uko juu zaidi na una ukali, kama nyuki ndani ya mtungi. Huhitaji mashine kuvitofautisha. Chukua gita lililotiwa tyuni, bila kulichomeka, ubonyeze freti ya tatu ya uzi wa sita, ule mnene. Hiyo ni G, hezi 98. Mvumo ukikaa na noti hiyo, una hezi 100. Ukikaa na freti ya tatu ya uzi mnene wa gita la besi, ambayo ni hezi 49, una hezi 50.

Sasa chomoa gita. Mvumo ukitoweka, ubovu uko kwenye gita, kwenye waya wake, au kwenye taa za ukumbini. Hapo watu wengi wanamaliza safari yao. Ukibaki, punguza volyumu za chaneli zote mbili hadi sifuri. Mvumo ukifuata volyumu, unatoka kwenye vali ndogo za mwanzo. Ukibaki palepale, unatoka kwenye umeme wenyewe au vali za nguvu.

Mvumo wa hezi 50 unaofuata volyumu mara nyingi ni vali ndogo moja ambayo hita yake (uzi unaoipasha joto) inavujisha umeme kwenye kathodi (sehemu inayotoa elektroni). Namba moja iko kulia kabisa ukitazama kwa nyuma. Zima, toa moja, washa usikilize, ukielekea kushoto. Kwenye amplifaya hii, kutoa vali ndogo hakuleti madhara. Kama kila chaneli inavuma kwa hezi 50, fundi akague rezista mbili za omu 100 zilizo kwenye taa ya mbele. Vali ya nguvu ikipiga shoti huziunguza, na hita zinakosa ethi.

Mvumo wa hezi 100 usiojali volyumu una sababu mbili. Ya kwanza ni vali za nguvu zisizolingana: zikilingana hufutana mvumo, moja ikichoka hazifutani. Ibadilishe jozi nzima. Ya pili ni kapasita za kuchuja, zilizofunikwa na kisahani cha bati kwenye chasisi. Kama ni zile za kiwandani, zina zaidi ya nusu karne. Kapasita ya ilektroliti hukauka ndani hata bila kutumika, kwa hiyo hapa sisubiri ivuje. Zinabadilishwa zote pamoja, na polariti (upande chanya na hasi) izingatiwe, maana ikigeuzwa hupasuka. Mimi mwenyewe humwambia mwenye amplifaya akae nje ya chumba ninapoiwasha mara ya kwanza baada ya kazi hiyo.

Inatoa milio ya bisi, inakwaruza, inakatakata

Ukanda wa pwani unaijua dalili hii vizuri. Hewa ya chumvi inakula pini za vali, matundu ya jeki na potentiometa (zilizo nyuma ya vitufe vya kuzungusha). Nyunyiza spreyi ya kusafishia kontakti kwenye pini za vali, siyo kwenye kioo, kisha ichomeke na kuichomoa mara nne tano, amplifaya ikiwa imezimwa na imepoa. Fanya hivyo kwa jeki na vitufe vya kuzungusha. Tazama pia wageni: mende na mijusi wanapenda joto la sanduku hili, na uchafu wao unapitisha umeme.

Ikiendelea, washa, volyumu ya wastani, na ugonge kila vali polepole kwa kijiti cha mishikaki, kikavu, kisichowahi kugusa nyama wala chumvi. Vali inayolia kama kengele kwenye spika imelegea ndani. Kila vali inatoa kamlio kidogo. Unayoitafuta ni ile inayopiga kelele.

Gonga isipofua dafu na bisi zinaendelea hata usipogusa kitu, mshukiwa ni rezista za kaboni za kilo-omu 100 zinazolisha anodi (mabati ya ndani) za vali ndogo. Kwa umri wao huzidi thamani yake na kuanza kelele. Potentiometa inayokwaruza hata baada ya kusafishwa inaashiria DC inayoifikia kupitia kapasita inayovuja. Fundi ainue mguu mmoja wa kapasita hiyo na kupima: DC isipite.

Kuna ubovu mmoja ambao mafundi wengi hawaudhanii. Ubao mweusi wa faiba ambamo vifaa vimepachikwa hunyonya unyevu, na ukishanyonya wenyewe unapitisha umeme. Weka ncha ya multimita kwenye ubao mtupu, mbali na matundu ya bati. Ikisoma volti kadhaa, umempata mwizi. Joto la mashine ya kukaushia nywele hupunguza tatizo kwa siku chache, na hilo ni thibitisho, si tiba.

Taa inawaka, vali zinawaka, sauti hakuna

Kagua swichi ya STANDBY (ya kusubiri). Waya wa gita. Kisha waya wa spika: jeki kuu ya spika kwenye Fender inajifunga shoti yenyewe ikiwa tupu, kwa hiyo ukichomeka spika kwenye tundu la ziada peke yake utapata ukimya. Pima spika, ya omu 8 husoma kati ya 6 na 7.

Jaribu chaneli zote mbili. Iliyokufa ikiwa ya Normal peke yake, ni vali namba 1. Ikiwa ya Vibrato peke yake, ni namba 2 au 4. Zikifa zote, jaribu namba 6, ambayo ni 12AT7. Ikiwa bado kimya, izime. Huenda koili ya transfoma ya spika imekatika.

Sauti dhaifu au chafu

Karibu kila mara ni vali za nguvu zilizochoka, au umeme mdogo: transfoma ya kushusha ikiingiziwa volti 200, amplifaya inapata chini ya 100. Pima jioni, wakati mtaa mzima unapika. Vinginevyo ni kapasita za mikrofaradi 25 kwenye kathodi zilizokauka.

Mwangwi na tremolo

Mwangwi ukikosekana, kagua nyaya mbili za sanduku la springi. Kisha pima koili zake: upande wa kuingilia husoma takriban omu 1, wa kutokea takriban 200. Ukisoma hakuna kitu, waya mwembamba umekatika ndani, na mtu mwenye mkono mtulivu huweza kuuunga. Vizuri vyote? Badili vali namba 3.

Tremolo (sauti kupanda na kushuka kwa mapigo) haifanyi kazi bila pedali yake. Wengi wameibadilishia vali bure kwa sababu pedali ilipotea zamani.

Ukimpelekea fundi

Mwandikie dalili kwenye karatasi: inaanza baada ya dakika ngapi, chaneli ipi, umejaribu nini. Mwambie kila kifaa anachokitoa akurudishie kwenye mfuko, hata kilichoungua. Na kabla hujaiacha, nakili namba zilizopigwa kwenye kila transfoma. Inayoanza na 606 ilitengenezwa na Schumacher. Tarakimu inayofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Ukiona 606-5-12, hiyo ni wiki ya 12 ya 1965, na ndiyo unayopaswa kuikuta siku utakapokwenda kuichukua.